Mshale Unashuka

Mvua ya kwanza ya kulimia ilinyesha Mitole siku ya Jumanne. Alhamisi asubuhi nilikuwa juu ya trekta katikati ya shamba letu, jembe limezama, udongo unageuka mweusi nyuma yangu. Nilikuwa nimevaa suruali ya kazi ya mume wangu chini ya kanga, kama nilivyofanya misimu yote. Nilipokata kona kwenye mikorosho nikatupa jicho kwenye geji. Sikuwa na wasiwasi wowote, ni mazoea tu. Mshale wa presha ya oili ulikuwa umelala chini kabisa, kwenye rangi nyekundu.

Nilizima injini papo hapo. Sikumaliza hata mstari.

Kwa asiyejua mambo haya, niseme hivi: injini inaishi kwa oili. Pampu inaisukuma oili ipenye katikati ya vyuma vinavyozunguka, chuma kisiguse chuma. Presha ikikosekana, oili inakuwepo lakini haifiki. Vyuma vinaanza kulana. Ukiendelea kulima kwa sababu una haraka, injini inashikana na inakuwa jiwe. Trekta lile lilikuwa limeingia kwetu likiwa tayari zee. Hakuna mtu Mitole aliyekumbuka rangi yake ya kwanza. Lilitulimia sisi, likawalimia majirani, likasomesha watoto wetu mpaka wakaenda zao. Ndilo tulilokuwa nalo.

Nilikaa juu ya kiti cha chuma nikisikiliza injini inavyopoa, tik, tik, na jambo la kwanza lililonijia ni kumwita mume wangu. Nilifungua mdomo kabisa. Ndipo nikakumbuka.

Katika nyumba yetu mimi nilikuwa dereva, yeye alikuwa fundi. Tuligawana hivyo tangu macho yake yalipoanza kumsumbua, na watu walishacheka mpaka wakachoka. Yeye aliamka alfajiri, akaswali, akaenda bandani, akapima oili, akaongeza, akafuta kila kitu kwa tambara, kisha akaniita: "Mama watoto, punda wako yuko tayari." Kazi ya oili hakumwachia mtu. Hata mimi nikishika kopo aliniambia, "Weka chini, utachafua nguo." Nikiwa shambani, injini ikibadilisha sauti kidogo tu, alikuwa anaisikia kutoka nyumbani na kuja kwa miguu.

Miezi minne kabla ya mvua ile alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, mkono na mguu, na maneno yakaondoka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, Kiswahili na Kimatumbi, mzaha na matusi. Yote yalikwenda, likabaki neno moja. Hatujui kwa nini lilibaki hilo. Ukimuuliza unataka uji, anasema, "Bado." Ukimuuliza umeshiba, "Bado." Akifurahi, bado. Akikasirika, bado. Daktari wa Lindi alisema anaelewa kila kitu, tatizo ni njia ya kutokea. Tulijifunza kumsoma kwa sauti na kwa mkono wa kushoto, lakini siku nyingi tulikosea, naye alijua kwamba tumekosea, na alikuwa analia.

Basi siku ile nilisubiri injini ipoe kabisa. Nikawasha. Ikiwa baridi mshale ulipanda mpaka karibu na nusu, nikarudi nyumbani polepole bila kulima, macho kwenye geji zaidi kuliko njiani. Nilipofika uani mshale ulikuwa umeanza kushuka tena.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa amehamia kwetu kusaidia kuuguza. Ni mwanamke mnene, ana nguvu, hana mume na hataki mwingine. Alitoka na mwiko mkononi.

"Mbona umerudi mapema?"

"Presha ya oili imeshuka."

"Hiyo ni kubwa au ndogo?"

"Ni kubwa, wifi."

Tulimbeba mume wangu na kiti chake cha plastiki mpaka bandani. Hakuwa ameingia humo tangu aanguke. Alipoona trekta alitulia kama mtoto aliyeletwa kwa mama yake. Nikamweleza yote: ikiwa baridi mshale unapanda, ikipata moto unashuka, ukikanyaga mafuta unainuka kidogo, ukiachia unalala. Alisikiliza, jicho la kulia limelegea, la kushoto kali.

"Nianze na oili yenyewe?"

"Bado," alisema, na kichwa kikakubali.

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Nilitegemea oili imepungua. Ilikuwa imezidi, imepita alama kwa kidole kizima. Nikashangaa, maana injini kuukuu inakunywa oili, haizai. Nikampelekea kijiti puani. Alinusa, akafumba jicho, akanusa tena. Kisha mkono wa kushoto ukainuka ukaonyesha ubavu wa injini, pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi.

Nilielewa. Ndani ya pampu ile kuna kiwambo cha mpira. Kikipasuka, dizeli inavuja na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nyingi lakini nyepesi kama maji, na oili nyepesi haishiki presha.

"Kiwambo!" nilipiga kelele. "Dizeli imeingia kwenye oili!"

"Bado! Bado! Bado!" Alikuwa anacheka. Nusu ya uso ilicheka, nusu haikuweza, lakini alikuwa anacheka. Wifi akajifunika uso kwa kanga. Tangu aanguke hatukuwa tumemwona akiwa yeye. Niliona kama tumepona wote watatu.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Nangurukuru, nikapata basi la Lindi. Nilikuwa na pampu kwenye mfuko wa rambo, imefungwa kwenye gazeti. Duka la vipuri la kwanza walinirudisha. La pili walinirudisha. La tatu muuzaji aliigeuza pampu akaniuliza, "Mama, mashine hii bado inatembea kweli?"

"Inatembea. Ndiyo inayotulisha."

Alipekua masanduku ya nyuma mpaka akatoka na utando wa buibui kichwani na kiwambo cha pampu nyingine, akaniambia nitoboe matundu mawili upya kitakaa. Nikanunua na filta, na oili mpya, ya injini, nzuri, aliyonishauri yeye. Nililala kwa ndugu yangu Lindi nikarudi na basi la kwanza, nimepakata ndoo ya oili.

Tulimwaga oili yote ya zamani. Nikatoboa kiwambo kwa msumari wa moto, nikafunga pampu, nikabadilisha filta, nikatia oili mpya mpaka kwenye alama. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake akifuatilia kila nati. Nilipomimina oili alisema, "Bado," taratibu, na hakuiangalia ndoo, aliangalia ardhi. Nilifikiri amechoka.

Nikawasha. Mshale ukapanda, ukapita nusu. Wifi akapiga kigelegele, majirani wakachungulia. Nilikwenda nalo shambani moja kwa moja, nikashusha jembe pale pale nilipoachia, nikamalizia mstari wangu. Nikalima mistari minne. Nilikuwa naimba.

Kwenye mstari wa tano mshale ulianza kutetemeka. Nikajiambia ni geji. Ukashuka kidogo. Nikajiambia ni joto la kawaida. Ukaendelea kushuka, bila haraka, na kutoka chini ya injini nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, wa chini, mzito, kama mtu anagonga mlango wa chumba cha ndani: ko, ko, ko.

Nilizima. Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye udongo nilioulima mwenyewe na nikalia kwa sauti. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa pwani, nzuri, ya kupandia, na mimi nilikuwa nailaani.

Siku zilizofuata nilikuwa kama kichaa. Nililala na mlio ule masikioni nikaamka nao. Kila asubuhi watu walipita uani kuuliza, maana misimu yote tumelima kwa zamu: shamba letu, kisha la bibi jirani, kisha wengine. Bibi jirani ni mjane, anaishi peke yake, mgongo umepinda, jembe la mkono haliwezi tena. Hakuwahi kunihimiza. Alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Sikujua anamuuliza yupi. Nikajibu kwamba bado tunahangaika. Alikaa kidogo, akashukuru Mungu kwa mvua, akaondoka.

Niliazima geji kwenye mashine ya kusaga nikaifunga badala ya yetu. Huenda geji ndiyo inasema uongo, nilijiambia. Geji ya watu ikasema vile vile. Nilifungua filta mpya nikaangalia kama imeziba. Safi. Nikakagua mabomba yote ya nje kwa mkono mkavu, sikupata hata tone. Kila jambo nililolijua nililimaliza, na mengine niliyarudia mara mbili kwa sababu mikono haikutaka kukaa.

Ilibaki valvu. Ubavuni mwa injini, karibu na filta, kuna nati kubwa yenye kofia. Ndani yake kuna springi inayobana valvu ndogo: presha ikizidi, valvu inafunguka na kurudisha oili chini. Springi ikichoka, valvu inafunguka kabla ya wakati na presha yote inakimbia. Nilikuwa nimemwona mume wangu akiifungua hiyo mara moja, zamani. Nilichukua spana, nikaiweka kwenye nati.

"Bado!"

Niligeuka. Alikuwa amejivuta mbele ya kiti, mkono wa kushoto unapiga paja.

"Nisiifungue?"

"Bado! Bado!"

"Itaharibika? Kuna kitu kitaruka?"

Alitikisa kichwa, akakubali kwa kichwa, akatikisa tena. Mate yalikuwa yanamtoka. Wifi akaja mbio akamshika mabega. "Mwache, wifi, unamuua! Presha yake itapanda!" Nikaweka spana chini. Nilidhani amejua jambo ambalo mimi silijui, kwamba nikigusa pale nitamaliza kila kitu. Nilimwamini. Kwa mambo ya injini nilimwamini kuliko nilivyojiamini mimi.

Lakini siku mbili zilipita na mvua ikanyesha zote mbili. Mashamba ya wenzetu yalianza kuota. Siku ya tatu, wakati wifi anamwogesha nyuma ya nyumba, nilikwenda bandani na kufungua ile nati.

Springi ilitoka vizuri. Nyuma yake, ndani ya kofia, zikatoka wosha tatu, vibati vya duara vyenye tundu katikati. Moja ilikuwa ya dukani. Mbili zilikatwa kwa mkono kutoka kwenye bati la kopo, zikasuguliwa ukingo mpaka zikawa duara safi. Nilijua mkasi uliozikata. Nilijua na mkono. Hakuna mtu mwingine Mitole mwenye subira ya kusugua kipande cha bati namna ile.

Nilikaa juu ya gogo nazo kiganjani. Ilichukua muda kidogo kuelewa. Wosha nyuma ya springi kazi yake ni moja tu, kuikaza, ili mshale upande juu kuliko unavyostahili. Mtu haweki ya kwanza mpaka ameona mshale unashuka. Haweki ya pili mpaka ya kwanza imeshindwa. Haweki ya tatu mpaka zile mbili zimeshindwa. Hiyo haikuwa kazi ya siku moja.

Wifi alimleta, ameoga, amevaa shuka safi, anaonekana mpole. Nilimfunulia kiganja mbele ya uso.

"Ulijua?"

Aliangalia zile wosha. Kisha akaangalia pembeni.

"Nakuuliza. Ulijua injini inakufa ukaniacha naendesha? Kila siku unaniambia punda yuko tayari, punda yuko tayari. Uliniweka juu ya kitu ulichokijua ni kibovu, nikawaahidi watu, nikamwahidi bibi wa watu..."

"Wifi," dada yake alisema.

"Niache! Mwenyewe aniambie! Sema! Kwa nini hukuniambia?"

"Bado," alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Bado nini? Bado nini, baba watoto?"

Sijivunii nilichofanya. Nilizitupa zile wosha miguuni pake na nikamfokea mtu asiyeweza kujibu mpaka sauti ikanikauka. Yeye alifungua mdomo, akafunga, akafungua. Niliona maneno yanapanda kooni na kugota. Machozi yalimtoka kwa jicho moja. Wifi aliinama akaokota wosha moja moja kutoka kwenye vumbi, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, akamgeuza kaka yake na kiti chake akamrudisha ndani.

Nilibaki bandani mpaka adhuhuri. Hasira ilipoisha nilichokipata chini yake kilikuwa kibaya zaidi. Kama angekuwa mzima ningemsamehe kwa ugomvi wa siku moja, tukala, tukacheka. Sasa hata kugombana hatukuweza.

Fundi alikuja kutoka Kilwa Masoko siku mbili baadaye, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole. Alinisalimia, "Shikamoo mama," akamsalimia na mzee, akaniomba niwashe. Alisikiliza kwa muda mfupi kuliko nilivyotaka, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akaniashiria nizime.

"Mama, hiyo ni krenki. Beringi zake zimekwisha."

"Una uhakika?"

"Tufungue uone mwenyewe. Lakini bakuli la oili la mashine hii ndilo limebeba miguu ya mbele. Lazima tuitenganishe. Nipatie magogo na watu wanne."

Watu wanne walipatikana, na wengine kumi wakaja kutazama, na bibi jirani akaletewa kigoda. Walilinyanyua kwa jeki, wakaliwekea magogo tumboni, wakaivuta ekseli ya mbele na magurudumu yake mpaka trekta likabaki limekaa kama ng'ombe aliyevunjika miguu. Bakuli la oili lilishuka baada ya saa sita mchana. Fundi alifungua beringi ya kwanza, akaifuta kwa kidole gumba, akanipa.

Beringi ni kibati chembamba kinachokaa kati ya krenki, chuma kikuu kinachozunguka tumboni mwa injini, na kishikio chake; ikiwa nzima ni kijivu, laini, kama upande wa ndani wa ukucha. Hii ilikuwa na rangi ya shaba. Ngozi yote ya juu ilikuwa imeliwa. Akaniambia nipitishe ukucha juu ya krenki yenyewe. Ukucha ulikwama kwenye mikwaruzo.

"Nafasi imekuwa kubwa mno," alisema. "Oili inapita hapa inamwagika tu, haina pa kubanwa. Ikiwa baridi ni nzito, inajitahidi. Ikipata moto ndiyo basi. Kile kiwambo kilichopasuka kilizidisha tu, ugonjwa wenyewe ni huu." Akafikiri kidogo. "Ila sielewi. Uharibifu huu ni wa muda mrefu. Misimu miwili, mitatu. Wosha peke yake haziwezi kuuficha. Ilikuwa inatiwa oili gani?"

Nilimwonyesha kopo la mume wangu, lililokaa kwenye pembe yake ile ile. Alichovya kidole, akavuta, oili ikanyooka kama asali.

"Hii imechanganywa na oili ya gia," alisema. "Ndiyo maana. Ilikuwa nzito, ikashikilia mshale. Wewe ulipotia ya kawaida, mshale ukasema ukweli."

Basi ilikuwa hivyo. Kopo ambalo sikuruhusiwa kulishika, nguo ambazo zingechafuka. Na siku ile nilipomimina oili yangu nzuri ya Lindi, yeye peke yake alijua nitakachokikuta kwenye mstari wa tano, na hakuwa na mdomo wa kunizuia.

Mmoja wa wale waliokuja kutazama, jirani ambaye shamba lake lilikuwa la tatu kwenye zamu, alisema kwa sauti ya kusikika, "Sasa huyu mzee, fundi mzima, hakujua?"

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake hatua tano kutoka pale. Fundi aliniangalia, kisha akaangalia kopo mkononi mwake. Wifi alishika pindo la kanga yake.

"Hakujua," nilisema. "Angejuaje? Injini haifunguliwi kila siku. Tungejua tungeitengeneza."

Fundi aliliweka kopo chini taratibu, akalisukuma nyuma ya gogo kwa mguu. "Kweli," alisema. "Ugonjwa huu unajificha."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto akajifunika macho, na hakuuondoa mpaka watu walipotawanyika.

Krenki ilifungwa kwenye magunia ikasafirishwa kwa basi kwenda Dar es Salaam kuchongwa. Wifi aliuza mbuzi wake bila kuniuliza. Walisema wiki moja, ikawa zaidi ya mwezi. Katika siku hizo mimi na wifi tulilima kwa jembe la mkono kuanzia alfajiri. Tulipata kipande cha mahindi kisichofika hata nusu ya nusu ya shamba letu, na magugu yakachukua kilichobaki. Viganja vyangu vilipasuka, maana kwa miaka mingi vilizoea usukani. Wale wengine kwenye zamu walitafuta trekta kutoka vijiji vya mbali, au walilima kwa mkono walichoweza. Hakuna aliyenitukana. Walipita barabarani wakasalimia na kuangalia mbele, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Nyumbani hatukuwa na mazungumzo. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimkanda mkono kama walivyotufundisha kituo cha afya. Aliniangalia muda wote. Mara moja nikiwa namkanda nilisema, bila kupanga, "Uliogopa, siyo? Ulifikiri utapata namna kabla sijajua." Alisema neno lake. Lilikuwa jibu, naamini, lakini la ndiyo au hapana sijui, na sikuuliza tena.

Krenki iliporudi ilikuwa inang'aa kama kioo. Fundi alikuja na beringi mpya za saizi iliyochongwa. Tulimweka mume wangu karibu kabisa, mguu wake mbovu karibu kugusa zana. Fundi alikuwa anafanya haraka, mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni naye alikuwa na kazi nyingine Masoko. Alizipanga zile kofia za chuma zinazoshika krenki juu ya gunia, akaanza kufunga. Ya kwanza. Alipochukua ya pili, mkono wa kushoto wa mume wangu ukamkamata kifundo cha mkono.

"Mzee?"

"Bado."

"Kuna nini, mzee?"

Mume wangu alimnyang'anya kofia, akaigeuza, akamwonyesha kwa kidole gumba alama ndogo iliyogongwa pembeni, na akaonyesha alama nyingine kwenye injini. Hazikulingana. Kila kofia ina mahali pake pa kuzaliwa. Ukiibadilisha, krenki inabanwa vibaya na beringi mpya zinaungua siku ya kwanza. Fundi aliangalia, akajipiga paji la uso.

"Aisee. Nimechanganya ya pili na ya tatu. Mzee, umetuokoa."

Kuanzia hapo ikawa fundi hachukui kitu mpaka amepewa. Mume wangu alipokea kila kofia, akatafuta alama kwa kidole, akampa fundi aifunge. Mimi nilishika taa ya tochi kwenye giza la tumbo la injini. Mara moja kofia iliteleza mkononi mwake, nikaidaka, vidole vyetu vikabaki pamoja juu ya chuma chenye oili. Hakuvuta wala mimi sikuvuta.

Tuliwasha siku ya tatu. Mshale ulipanda. Tukaliacha linaunguruma saa nzima mpaka bati la banda likapata joto, na mshale ukashuka kidogo, kiasi cha haki, ukasimama. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Wakati wa mahindi ulikuwa umepita kabisa. Ulibaki wakati wa ufuta, nao kwa kuibia. Nililima shamba la bibi jirani kwanza, kisha kipande chetu, na kabla sijafika la tatu udongo ulikuwa umeanza kukauka juu. Mvua ilikatika mapema. Ufuta wetu uliota, ukafika magotini, na karibu nusu ukanyauka na maua yake. Watoto wetu walioko mjini walituma unga mwaka ule, jambo ambalo hatukuwahi kulihitaji, na mume wangu alikataa kuula siku mbili za kwanza.

Kilichobaki tulikikata na kukisimamisha kikauke, tukakipukutisha juu ya turubai uani. Yeye tulimkalisha chini kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta, ungo mapajani. Alipeta kwa mkono mmoja, vibaya mwanzoni, anamwaga nje zaidi ya ndani. Kufikia alasiri alikuwa amepata namna yake: anaegemeza ungo kwenye goti lililokufa, anatikisa kwa mkono ulio hai. Alipojaza debe la kwanza alilisukuma kwangu kwa mguu wa kushoto, akavuta la pili, tupu.